Kwa Jina la Wifi

Baba Pacha hakuwa mtu wa zawadi. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa alikuwa amemletea mkewe mwavuli mmoja na saa ya ukutani, na hiyo saa nayo alipewa kazini bure. Kwa hiyo Jumamosi ile alipoingia na maboksi mawili kwapani, Mama Pacha alidhani kuna mtu amempa amtunzie.

"Ni yako," Baba Pacha alisema, akayaweka mezani. "Simu mpya na tableti mpya. Hayo makumbusho yako katupe."

Makumbusho yenyewe yalikuwa pale pale kando ya sahani. Simu ilikuwa na miaka saba, imefungwa raba ili mfuniko wa nyuma usianguke, na betri yake ilikuwa ikizima katikati ya salamu. Tableti ilikuwa ya zamani zaidi, nusu ya kioo imegeuka kijani. Mama Pacha alikuwa akitazama mitindo ya magauni humo, zamani alipokuwa akishona.

Alishona kwa miaka kumi na mmoja, katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake, chenye mlango unaotazama barabara. Alishonea mabibi harusi, akashonea wanafunzi wa mahafali, akashona suti za wanawake wa maofisini wanaotaka koti likae mabegani kama limemwagwa. Halafu wateja wakaanza kupukutika mmoja mmoja kama vifungo vilivyoshonwa kwa uzi mbovu. Kwanza walipotea wa mbali, kisha wa karibu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akija mara tatu kwa mwaka alianza kupita upande wa pili wa barabara, akipunga mkono kwa huruma, kama mtu anayepita nje ya wodi.

Mama Pacha hakumuuliza mtu. Alikuwa na kiburi cha fundi: mteja hafuatwi, mteja anakuja. Alijiambia mkono wake umechuja, na kwamba yule fundi mpya wa kona, waliyemwita Mkasi, mwenye duka la vioo na taa nyeupe, amemzidi. Mwaka wa pili alifunga duka. Cherehani ikarudi nyumbani, ikafunikwa shuka, ikawa kama maiti ya mtu asiye na ndugu wa kumzika. Chumba akakichukua wifi yake, dada pekee wa Baba Pacha, akakijaza vipodozi.

"Pumzika, mke wangu," Baba Pacha alimwambia siku hizo. "Umeshashona vya kutosha."

Akapumzika. Chakula kikawa mezani kwa wakati, mashati yakawa yamenyooka. Pacha walikuwa shule ya bweni, nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho Baba Pacha alikiita amani.

Jumapili yake wifi alikuja kumwekea simu na tableti. Alikuwa hodari wa vitu hivyo, na mcheshi. Ukutani Baba Pacha alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: NYWILA YA WIFI. Wifi aliiona, akashika kiuno.

"Kaka! Siri zangu unazibandika sebuleni?"

Wakacheka wote watatu. Nyumba ile ilikuwa na wifi wa aina mbili, mmoja wa hewani na mmoja wa damu. Wa hewani alikuwa akikatika kila mvua ikinyesha. Wa damu hakuwahi kukatika.

Mchana ule alihamisha kila kitu: namba mia tatu na kumi na mbili, picha za pacha wakiwa wadogo, picha za magauni. Alifanya kwa subira, akimweleza wifi yake kila hatua. Ila yeye mwenyewe hakuweza kukaa dakika kumi bila kuchati, na simu yake ilikuwa inaishiwa chaji.

"Niazime kioo chako, wifi, nijibu watu," alisema. Akaelekeza simu yake kwenye tableti mpya, kitu kikalia, na meseji zake zote zikajipanga mle kama wageni waliopata viti. Akaendelea kuchati huku akinywa chai mpaka saa kumi. Kisha kaka yake akamsindikiza, akaenda zake, na meseji akaziacha zimekaa.

Jumanne saa nne asubuhi, Baba Pacha akiwa stoo ya madawa alikokuwa msimamizi, Mama Pacha aliifungua tableti. Alikuwa amemwambia mumewe ataangalia tamthilia. Ukweli ni kwamba alitaka kuona magauni ya mwaka huu yanakatwaje shingo. Kabla hajagusa kitu, tableti ikalia na meseji ikatokea juu ya kioo. Alidhani ni yake. Ilikuwa ya mwalimu wa chekechea, mteja wake wa miaka mingi.

"Dada, macho ya wifi yako yanaendeleaje? Mwanangu anaolewa mwezi wa kumi. Natamani sana angeshona yeye."

Mama Pacha alikuwa bado anajiuliza macho ya nani, pale jibu lilipoanza kujitokeza lenyewe. Wifi alikuwa akijibu kutoka dukani kwake, na maneno yalikuwa yakiingia huku.

"Maskini, hali ni ile ile... jamani hata mlango hauoni vizuri siku hizi... Nenda kwa Mkasi mwambie nimekutuma mimi." Na kijipicha cha ua.

Mama Pacha aliinua kichwa akautazama mlango. Aliuona. Aliziona bawaba zake tatu, akaiona skrubu moja iliyokosekana kwenye bawaba ya chini, akauona mstari wa chaki ambao pacha waliuchora kupimana urefu, na tarehe yake. Aliutazama mlango ule kwa muda mrefu.

Kisha akasoma.

Tableti ilikuwa imevuta mazungumzo ya mwaka mmoja na ushei tu, lakini yalitosha. Sasa alielewa kosa lake lilipokuwa. Kwa kuwa simu yake ilikuwa ikizimika ovyo, kwenye kibao cha mlangoni na kwenye kadi zake alikuwa ameandika namba mbili, yake juu na ya wifi chini: Ukikosa ya kwanza, piga ya pili. Ya kwanza walikuwa wakiikosa karibu kila mara. Na hata baada ya duka kufungwa, zile kadi zilibaki kwenye mikoba ya watu.

Mwenye namba ya pili alikuwa akiwajibu wote. Kwa mwalimu wa chekechea, Mama Pacha alikuwa anapofuka. Kwa mhasibu wa ofisi ya maji, mikono ilikuwa inamtetemeka. Kwa mke wa daktari, aliunguza kitambaa cha watu kwa pasi akakificha, na tangu hapo haaminiki. Mwanamke mmoja aliyeomba kuja kumjulia hali aliambiwa mgonjwa hataki wageni. Wanawake kumi na saba. Na kila mmoja, chini ya pole na ua, alielekezwa kwa Mkasi, ambaye naye alikuwa akijibu, "Ahsante dada. Vipodozi vyako nimevipanga dirishani kwangu, vinaonekana toka barabarani."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye nguo alikuwa akizishona mwenyewe, na bado hakukiona.

Jina la mwisho alilolifungua liliandikwa Kaka.

"Kaka, mkeo ananiuliza tena habari za kufungua duka."

"Mwambie biashara mbaya."

"Siku akijua?"

"Atajuaje? Nyumba imetulia siku hizi, nakula kwa wakati. Nitamnunulia simu nzuri atulie."

Mama Pacha aliiweka tableti juu ya meza, kioo chini. Akaenda jikoni akaosha kikombe kilichokuwa kisafi. Halafu akaenda kwenye cherehani, akalivuta lile shuka, akatoa kopo la sindano, akachagua sindano ndogo kuliko zote, ya kushonea hariri. Akaivuta mbali na uso kwa urefu wa mkono na kutia uzi. Uzi ukapita mara ya kwanza.

Akaipachika ile sindano kwenye kola ya gauni lake, akarudi mezani.

Mtu mwingine angepiga simu pale pale, angepiga yowe. Lakini huyu alikuwa fundi. Kitambaa hakikatwi kwa hasira. Alichukua simu mpya, ambayo kamera yake kwa kweli ilikuwa kali, akaanza kupiga picha kioo cha tableti, ukurasa baada ya ukurasa. Mumewe aliporudi alikuta chakula mezani kwa wakati.

"Unaionaje tableti?" aliuliza akinawa.

"Nzuri," alisema mkewe. "Inaonyesha vitu vingi."

"Nilikwambia!"

Siku nne aliishi na siri yao tumboni, akiwapikia. Wifi alipita Alhamisi kuazima blenda, akamkumbatia, akamwita wifi kipenzi. Mama Pacha alimtengenezea juisi. Usiku alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Alikuwa akilala kama mtu aliyeshapata tarehe ya safari.

Tarehe yenyewe aliipata humo humo kwenye meseji. Wifi alimwandikia rafiki yake kwamba Jumamosi saa nne atakuwa saluni, kuweka dawa nywele na kukaa kwenye dryer ya kuzikaushia saa nzima. Simu huwa anaichajia huko nyuma kwa msusi.

Jumamosi saa nne na robo, Baba Pacha alikuwa kazini zamu ya asubuhi. Mama Pacha alifunga mlango, akavaa miwani ya kusomea aliyokuwa akivaa tangu ana miaka thelathini, akaandika. Aliandika kama wifi anavyoandika, na vinukta vyake na jamani zake.

"Jamani... naomba mnisamehe. Mimi ndiye niliyewaambia wifi yangu haoni. Nilisema uongo. Macho yake mazima, mikono yake mizima, na hajawahi kuunguza kitambaa cha mtu. Nilitaka chumba chake cha kushonea nikakipata. Kaka yangu, mume wake, alijua akanyamaza. Mkitaka gauni nendeni kwake, namba yake hii hapa."

Akaweka na ua.

Aliyasoma tena yote, akaondoa neno moja lililokuwa na kishindo kuliko wifi alivyo. Kidole kilipofika penye kutuma, kilisita. Alikumbuka siku ya kujifungua pacha. Baba Pacha alikuwa amezimia korido, na wifi, wakati huo msichana wa miaka ishirini, alimshika mkono saa tisa mfululizo mpaka vidole vyake vikawa vya bluu, asiseme hata basi. Aliukumbuka mkono ule vizuri.

Kisha akaukumbuka mlango. Akatuma.

Aliituma kwa wale kumi na saba. Akaituma kwa Mkasi. Akaituma kwa mama mkwe, aliyekuwa matroni wa hospitali kabla ya kustaafu, mwanamke ambaye manesi walikuwa wakizima redio wakisikia viatu vyake. Mwisho akaituma kwenye kundi la ukoo lenye watu sitini na wawili, ambamo asubuhi ile walikuwa wakijadili zamu ya kumtembelea babu.

Kundi likanyamaza ghafla. Hata shangazi anayetuma picha za maua kila saa aliacha.

Simu mpya ikaanza kuita. Hakupokea. Aliiacha iite, akaisikiliza. Ilikuwa na sauti nzuri.

Wifi alifika ndani ya nusu saa, kichwa kimejaa rola, taulo la saluni begani, viatu vya watu miguuni. Aliupiga mlango kwa kiganja.

"Fungua! Umefanya nini? Umefanya nini, wewe mwanamke?"

Mama Pacha alifungua. "Karibu, wifi. Tahadhari na kizingiti, nasikia nyumba hii ina mtu haoni."

"Umeandika kwa jina langu! Watu wanadhani ni mimi! Hilo ni kosa, unafungwa!"

"Wewe umenifanya mgonjwa kwa jina langu miaka mitatu. Mimi nimekiri kwa jina lako asubuhi moja. Twende polisi wote wawili, na tableti tuibebe."

Wifi alijifuta kwa taulo la saluni. Dawa ya nywele ilikuwa ikimchuruzika shingoni. Kwa muda kidogo alionekana atakana, kisha akaona simu mkononi mwa mwenzake, picha za meseji zake mwenyewe zimepangwa humo, na uso wake ukabadilika.

"Chumba kile kilikuwa changu," alisema kwa sauti ya chini. "Mama amenizaa mimi. Nilimwomba kile chumba nikiwa na miaka kumi na tisa. Ukaja wewe, na mtindo wako na pini zako mdomoni, akakupa wewe. Hakuniuliza. Nilikuwa nafagia vipande vya vitambaa vyako, wifi. Unakumbuka? Nilikuwa nakufagilia."

Lilikuwa neno la kweli. Mama Pacha alilisikia kuwa ni la kweli, akalipima, na halikumtosha.

"Ungenichukia mbele yangu," alisema. "Ningejua pa kujikinga."

Baba Pacha aliingia wakati huo, anahema, kitambulisho cha kazini kinaning'inia. Alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, akachagua kutazama sakafu.

"Haya mambo tungeyazungumza ndani," alisema.

"Ndani?" mkewe akauliza. "Ndani si ndiko mlikonifungia? Mimi nimetoka nje kidogo, nipunge upepo."

"Nilikuwa natafuta amani ya nyumba..."

"Ulikuwa unatafuta chakula cha moto. Sema hivyo. Chakula si aibu."

Dada yake alikaa kwenye kochi akalia, rola moja ikaanguka ikabiringika mpaka chini ya meza. Hakuna aliyeinama kuiokota.

Wifi alipofika kwake aliikata ile tableti isiunganike tena na simu yake, na meseji zote zikafutika kwenye kioo. Zile picha kwenye simu zilibaki.

Mama mkwe hakumpigia mtu yeyote. Jumatatu asubuhi alifungua chumba cha mbele kwa ufunguo wake, akavaa glovu, akavitoa vipodozi vya binti yake rafu baada ya rafu na kuvipanga kwenye maboksi, akaandika kila boksi lina nini, kama anavyofanya mtu anayefunga wodi. Kisha akatuma ujumbe wa maneno matatu kwa mkwewe: "Chumba kiko wazi."

Baba Pacha alitaka kukodi pikapu ya kubebea cherehani.

"Ya nini?" mkewe alisema. "Umebeba siri miaka mitatu mgongo haukuuma. Hii ni chuma tu."

"Basi tupite uchochoroni."

"Tupite barabarani."

Wakapita barabarani, saa tano, siku ya soko. Yeye alitangulia na kikapu cha nyuzi, mumewe nyuma yake na kichwa cha cherehani begani. Watu walikuwa wamesoma. Watu huwa wamesoma. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Waliwasalimia tu, mmoja mmoja, kwa heshima ndefu kuliko kawaida, na kila salamu Baba Pacha alilazimika kuiitikia akiwa ameinama. Alipumzika mara tatu. Mara ya pili mkewe ndiye aliyemchagulia pa kupumzikia: mbele ya vioo vya Mkasi. Mkasi alitoka hadi mlangoni, akaanza kusema yeye hakujua lolote, yeye alikuwa akiletewa tu. Mama Pacha alimtazama kuanzia kola hadi pindo la suruali.

"Pindo limeachia," alimwambia. "Mguu wa kushoto."

Mkasi akainama kutazama. Wao wakaendelea na safari.

Kati ya wale kumi na saba walirudi tisa. Wanne walibaki kwa Mkasi, na mhasibu wa ofisi ya maji alisema wazi kwamba Mkasi ana haraka na yeye anapenda haraka. Wengine hawakujibu. Mwalimu wa chekechea alikuja wa kwanza na kitambaa cha binti yake kwenye mfuko, akasimama mlangoni akashindwa kuingia.

"Nilitaka kuja kukuona," alisema. "Mara mbili nilinunua na matunda. Wifi yako akasema unalia ukiona watu."

Katika yote, hilo ndilo lililomuuma Mama Pacha kuliko lolote. Kazi inarudi. Lakini kulikuwa na miaka mitatu ambayo alidhani hakuna aliyemkumbuka, kumbe kulikuwa na watu na matunda yao. Jioni ile alipofunga duka alitafuta ndani ya moyo wake kama kuna pahali palipolainika. Alikuta pamezidi kuwa pagumu, na hakuona haya.

Baba Pacha alijifunza kupiga pasi. Shati la kwanza lilipata ramani kubwa ya kahawia mgongoni, akalivaa hivyo hivyo ndani ya koti. Chakula alikikuta siku ambayo kazi ilikuwa chache. Aliomba msamaha mara moja vizuri, na mara nyingi vibaya, na mkewe alimwambia kwamba ile ya mara moja ameisikia, asubiri jibu. Wifi sasa anauza vipodozi vyake kwa mkoba, nyumba hadi nyumba. Akifika usawa wa kile chumba huvuka barabara.

Wiki ya sita mama mkwe alikuja dukani na kitambaa cha bluu. Kulikuwa na wateja wawili mbele yake. Mama Pacha hakuinuka kumpisha, na yule mama mzee, ambaye hajawahi kupanga foleni tangu apandishwe cheo kuwa matroni, alikaa kwenye benchi akasubiri, mkoba magotini. Zamu yake ilipofika, alisimama katikati ya chumba.

"Mwanangu," alisema, "yule ni damu yangu. Anakonda. Mimi najua alilolifanya, na mimi ndiye niliyempa mtu mmoja chumba bila kumwambia mwenzake neno. Nakuomba mimi, si yeye. Umsamehe."

Mama Pacha alivuta futi kamba kutoka shingoni, akaipitisha kwenye mgongo wa mama mkwe wake, bega hadi bega, akaandika namba kwenye daftari.

"Sijamsamehe, mama," alisema. "Inua mkono nipime."

Mama mkwe alimtazama. Kisha akainua mkono.